Mtani Aliyevaa Koti Langu

Usiku ule nililala nimekaa, mgongo kwenye mito, maana tangu nipigwe mionzi ya koo kwa ile kansa, nikilala chali mate yanapotea njia na kunikaba. Kansa imeondoka, wanasema. Koo nalo limeondoka nayo, nasema mimi.

Nilikuwa na hasira. Jioni mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa amegundua kwamba uji anaoniletea chumbani nawamwagia kuku dirishani. Akalia. "Daktari kasema ukipungua tena unarudishiwa ule mpira wa kulishiwa tumboni. Baba Zuhura, unataka kutufia?" Nikamwambia aniache. Hajui yeye. Kumeza kijiko kimoja ni kazi ya kubeba gunia. Na siku ile kwa wakwe, nilipopaliwa mpaka wali ukatokea puani, watu wazima wakasimama kunipiga mgongo kama mtoto, niliapa sitakula tena mbele ya mtu. Nikawa nakula mlango umefungwa, kama mwizi.

Nikageuka huku, nikageuka kule. Usingizi ukaja wa mang'amung'amu.

Nilijikuta uani kwangu, mchana. Turubai limefungwa, mikeka imetandikwa, wanawake wamejitanda khanga. Msiba. Nauliza nani kafariki, sauti haitoki. Napita katikati ya watu, hakuna anayenisogelea wala kunipa mkono. Mara nasikia kicheko. Msibani! Halafu kikohozi, na kikohozi chenyewe ni changu.

Ni Kasanda. Rafiki yangu Kasanda, Mnyamwezi, niliyemzika kwa mikono hii. Mimi Mzaramo, yeye mtani wangu. Siku ya maziko yake nilivaa kofia yake nikatembea kwa matege yake mpaka mjane wake akacheka huku machozi yakimtoka. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Sasa yeye amevaa koti langu la kahawia, ameshika kijiko cha chai. Anachota uji kidogo, anauangalia kama sumu, anautia mdomoni, anatoa macho, anakohoa, anajifunika koti gubigubi ili asionekane. Watu hoi. Mama Zuhura peke yake hacheki.

Nampandia juu. "We mwehu! Vua koti langu! Mimi sijafa!"

Safari hii sauti inatoka. Kasanda ananitazama, na naona ameshangaa kwelikweli.

"Hujafa? Mbona kila wakati wa kula napita hapa, kwenye sinia sikuoni? Nikasema basi, mtani wangu ameshakwenda, ngoja nikafanye kazi yangu."

Nikigeuka, turubai halipo, watu hawapo. Tuko kibarazani kwake, enzi zile, kati yetu ugali laini na bakuli la mlenda unaovutika. Mlenda! Maisha yangu yote nilimcheka kwa mlenda wake, nikiuita chakula cha vibogoyo. Anausogeza kwangu taratibu.

"Leo utakula cha vibogoyo. Kidevu kifuani, kama walivyokufundisha hospitali."

"Nitapaliwa."

"Utapaliwa."

"Watu wataniona, Kasanda."

Anavua koti, ananivisha, anafunga kifungo cha juu kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule. Mikono yake ni ya baridi. Hacheki tena. Nakiri niliogopa.

"Kohoa," akasema. "Maiti hapaliwi."

Nikainamisha kidevu, nikameza. Ukateleza, ukapita, halafu ukakwama, na nikaamka nakohoa, macho nje, Mama Zuhura ameshanishika mabega na kunisomea kila dua anayoijua.

"Niache, niache," nikamwambia nilipopata pumzi. "Kesho tandika mkeka uani. Waite watoto. Nipikie mlenda."

"Mlenda? Wewe?"

"Mlenda. Na nikikohoa msinikimbilie, wala asinyanyuke mtu. Kasanda kasema maiti hapaliwi."

Alimjua Kasanda vizuri. Akaniuliza kwa sauti ya chini, marehemu alikuwaje, alikuwa amevaa nini.

"Koti langu," nikasema. "Kanirudishia."

Hapo ndipo alipoanza kulia, akanishika mkono, akanishika kwa nguvu mpaka kulipokucha.