Usukani Sagana, Vioo Kiriaini

Kila jioni baba yangu alikuwa akilifungua gari lake vipande. Si lote, vile tu ambavyo mwizi angevitaka. Lilikuwa gari la michezo la zamani, jekundu, la viti viwili, alilolinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akiuza shamba lake kule Mweiga. Vipuri vyake havikupatikana tena dukani, na kwa sababu hiyo hasa kioo chake cha pembeni kingeweza kunyofolewa sokoni Nyeri mwenyewe akiwa bado anachagua nyanya. Wenye magari wengine walichora namba ya gari kwenye vioo na taa ili visiuzike. Baba alikataa katakata. Alisema yeye hawezi kumchanja uso mtu aliye hai.

Basi akatugawia ulinzi. Kaka yangu, kifungua mimba, alikabidhiwa usukani, ambao Baba alikuwa ameutengenezea nati inayofunguka kwa spana moja. Dada alilala na vioo viwili chini ya kitanda, vimezungushiwa sweta kuukuu. Mimi, kitinda mimba, nilipewa rota, kidude cheusi kinachoenea kiganjani, kinachokaa chini ya boneti na kupeleka moto kwenye plagi. Bila hicho gari haliwaki hata ulisihi vipi. Ufunguo ulikuwa wa Mama. Jumapili asubuhi tulitoka uani, pale nyumbani kwetu Gatitu, kila mmoja na kipande chake, tukavirudisha, na Baba na Mama wakapanda kwenda kanisani. Sisi tulitembea. Viti vilikuwa viwili, cha kushoto kilikuwa cha Mama, na hakuna aliyekiota.

Baba alipofariki, mnunuzi alikuja kutoka Nairobi hata kabla maua ya kaburini hayajanyauka. Hatukumuuzia, lakini alituachia sumu. Kila mmoja alianza kumwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Kaka ndiye aliyesema, "Si kila mtu aende na kitu yake, vile Baba alikuwa anafanya? Hivyo hakuna mtu ataamka apate gari imeenda." Ikaonekana busara. Usukani ukaenda Sagana, anakofanya biashara ya mbao. Vioo vikaenda Kiriaini, alikoolewa dada. Mimi nilibaki Gatitu na Mama, na rota, na gari lililofunikwa turubai.

Mama alikuwa na ombi moja tu.

"Sitaki kuuliza itaachiwa nani," aliniambia. "Nipelekwe kanisa na hiyo gari mara moja, nikae kwa kiti yangu. Halafu mtajua wenyewe."

Nilipiga simu. Kaka akasema, "Niko na usukani, na iko safi. Lakini yeye alete vioo kwanza. Nikileta mimi, ati nibaki na nini?" Dada akasema, "Mwambie aanze yeye. Si yeye ndiye mkubwa?" Nilimpigia kaka tena, nikamfokea kwamba gari halihitaji hata vioo kufika kanisani, lete usukani tu, kwani unataka kuzikwa nao? Akasema wateja wanamngoja. Ikawa hivyo, mwezi kwa mwezi. Mama alikwenda kanisani kwa bodaboda, amekaa upande, mkono mmoja ukishikilia kitambaa cha kichwa.

Kisha moyo wake ukaanza kumchosha na miguu ikavimba. Siku alipolazwa hospitalini Nyeri nilimpa simu aongee nao mwenyewe. Dada alimwambia nini sijui. Kaka nilimsikia, maana sauti yake imezoea kushindana na mashine za kupasua mbao. "Maitu, siku watakuruhusu, nitakuwa hapo kwa geti na hiyo gari. Sisi wote." Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu Baba azikwe.

Hakuruhusiwa. Alifariki kabla kaka hajatoka Sagana.

Sasa ndipo wakaja. Kaka alishuka na usukani umefungwa kwa blanketi la mtoto. Dada alikuja na vioo ndani ya sweta ile ile. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Walikuwa wamevitunza vitu vile kuliko tulivyomtunza Mama, na niliwaambia hivyo usoni, na dada akaanza kulia, na mimi sikumbembeleza. Tuliondoa turubai. Betri tuliazima kwa jirani. Tulipachika kila kitu kimyakimya, mikono ikikumbuka yenyewe, nikafungua boneti nikaweka rota. Kaka alitaka gari litangulie mbele ya jeneza.

"Funguo iko wapi?" aliuliza.

Mkebe wa Mama juu ya kabati, alimouweka ufunguo siku zote, ulikuwa mtupu. Kaka alimwangalia dada. Dada aliniangalia mimi.

"Wewe ndiye ulikuwa unakaa hapa," alisema. "Umeiweka wapi? Ama ulishaongea na yule mtu wa Nairobi?"

Mama alikuwa bado mochari, na sisi tulikuwa uani tukitafuta mwizi.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikuwa nimekigusa, mfuko niliopewa na nesi, wenye nguo za Mama. Nilikuwa nimeuweka nyuma ya mlango kwa sababu ulikuwa bado na harufu yake. Niliuleta, nikaumwaga kitandani mbele yao kwa hasira, wapekue wenyewe. Viatu. Sweta. Leso yake ya siku zote. Kwenye pindo la leso kulikuwa na fundo, na ndani ya fundo kitu kigumu.

Alikuwa ameenda na ufunguo hospitalini. Alikuwa akitungoja tufike getini.

Kaka alijaribu kulifungua fundo akashindwa. Dada akajaribu kwa meno. Mwishowe walinipa mimi. Ilinichukua muda mrefu, kwa maana Mama alikuwa amelikaza kwa nguvu zote alizokuwa amebaki nazo, asije mtu akamwibia.