Mzee wa Juu ya Mlango

Haya, nakiri: huwa naliamkia jiwe. Kaka yangu amenitania kwa hilo tangu utotoni, nami nimekana kwa nguvu zote za mwanamke mwenye shahada mbili.

Jiwe lenyewe ni uso wa mzee, umechongwa juu ya mlango wa nyumba ya matofali pale Shaw, mtaa mmoja huku ughaibuni, karibu na tulipopanga baba alipokuwa akisoma chuoni. Ndevu zake ni majani ya mzabibu, pua imemeguka, na mdomo ni wa mtu aliyeonja chai isiyo na sukari. Tulimpita kila Jumamosi tukienda kwenye mashine za kufulia: bibi mbele, kanga juu ya koti la baridi, akinukia iliki ya maandazi, mimi na kaka nyuma, tukiburuta mfuko wa nguo.

Bibi alitoka Tanga kuja kutulea. Huku, kila Mtanzania aliyemjua alikuwa mdogo kwake. "Asiye na wa kumwamkia ni yatima," alilalamika. Basi asubuhi moja akasimama chini ya ule uso, akaukagua. "Huyu kanizidi. Shikamoo, mzee!" Kisha akaitikia mwenyewe, kwa sauti nzito ya kiume: "Marahabaaa!" Nilicheka hadi soksi zikamwagika barabarani.

Ikawa ada yetu. Kaka alinung'unika kwa Kiingereza kwamba ni jiwe tu.

"Jiwe lina ndevu," bibi alimjibu. "Wewe una nini?"

Mwezi uliopita nilirudi Shaw. Palipokuwa na mashine za kufulia sasa pana mgahawa wenye mimea mingi kuliko viti. Nyumba ya mzee ilizungukwa na majukwaa ya mafundi, na juu ya mlango palitundikwa turubai. Sikuthubutu kuuliza wamemfanya nini. Bibi tulishamzika, na pale ndipo mahali pa mwisho nilipokuwa bado naisikia sauti yake. Nilimweleza kaka, akanijibu kwamba ni jiwe tu.

Jana akapiga simu, magari yakinguruma nyuma yake. Anaishi Manassas, mji wa mbali; Shaw hana shughuli yoyote. Kwa Kiingereza chake cha kila siku akasema turubai limetolewa. Mzee yupo. Wamemwosha, ila pua ni ile ile.

Nikaketi. "Umemwamkia?"

Akasema watu wanapita.

"Kaka."

Kisha, kwa Kiswahili nilichodhani alikisahau zamani: "Shikamoo, mzee!" Na kabla sijacheka, ile sauti nzito ya bibi: "Marahabaaa!"