Nilivyokwenda Kiplombe Kuwaongoza Vijana Wasiokuwapo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilitoka Molo bila mpango, na nalisema hilo kwa fahari, kwa sababu safari zangu zote zilizokuwa na mpango ziliharibika mapema zaidi. Sababu ya kuondoka ilikuwa ya heshima. Binamu yangu, niliyekuwa nikilala kwake na kupakia naye viazi, alikuwa ameoa, na nyumba yake ni ya chumba kimoja. Bibi arusi alivumilia siku tatu. Siku ya nne alinipikia uji mapema mno, akaniuliza kama huwa napenda kuona miji mingine. Nikamwambia napenda. Huo haukuwa uongo. Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu dirisha la darasa letu lilitazama barabara.

Kwenye begi nilikuwa na mashati mawili na blanketi. Mfukoni nilikuwa na simu, imejaa chaji, imezimwa. Mama yangu, aliye Webuye, hupiga kuniuliza niko wapi na ninafanya nini huko, na kwa miezi minne sikuwa na jibu zuri la swali lolote kati ya hayo mawili. Kwa hiyo kila aliyeniuliza, nilimwambia simu haina chaji.

Saa tatu, Timboroa. Nilikuwa juu ya magunia ya lori la viazi linalokwenda Eldoret, maana dereva ni mtu mwenye huruma, mradi huruma yenyewe isikae naye mbele. Wenyeji wa Timboroa watakuambia kwamba kwao hakuna baridi, ni hewa safi tu. Hewa hiyo safi ilipita kwenye blanketi, ikapita kwenye shati, ikanikagua mfupa mmoja mmoja, na iliporidhika ikaniachia kikohozi.

Saa nne na nusu, Burnt Forest. Dereva alisimama kunywa chai, nami nikasimama kumtazama akinywa, mpaka mama mwenye hoteli akanionea aibu na kunipa kikombe. Ukutani, kando ya tangazo la mbegu za viazi, palikuwa na karatasi nyingine. Kanisa moja la Kiplombe, Eldoret, lilikuwa linatafuta mhudumu wa vijana. Awe na umri usiozidi miaka ishirini na minane na uzoefu usiopungua miaka kumi. Awe na stashahada ya theolojia. Ajue kupiga kinanda. Ajue kuendesha gari. Awe mnyenyekevu. Waombaji wafike wenyewe siku hiyo hiyo, saa nane. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za mtu anayeungama: *Chumba kitatolewa.*

“Hilo kanisa lina gari?” nilimuuliza mama wa hoteli.

“Gari? Hata kinanda hawana. Hiyo karatasi tuliletewa na wageni wa harusi. Kwani wewe umeokoka?”

“Kiasi, Mama.”

“Basi nenda. Wenye kuokoka kabisa wanataka mshahara.”

Katika masharti yote nilitimiza moja, la umri. Lakini sikuwa na mahali pa kulala usiku huo, na neno chumba lilikuwa limeniingia kichwani na kufunga mlango kwa ndani.

Saa nane kasoro robo, Kiplombe. Lori liliniacha Eldoret sokoni, nikatembea hadi huko nikiuliza njia, nikipita nyumba mpya za kupangisha ambazo katikati yake kuna ng'ombe wanaoonekana kushangaa mji umetokea wapi. Kanisa ni la mabati, na limefagiwa vizuri. Nje alikaa mwombaji mwenzangu, Ndugu Gideon, mwenye suti, tai, na faili nene la vyeti. Alinitazama viatu, vilivyokuwa na udongo wa Molo bado, kisha akaniombea kimyakimya. Niliona midomo.

Kamati ilikuwa ya watu wanne: Mchungaji, Mwenyekiti wa wazee, aliyevaa koti zito na kofia, Katibu, na Mama Kamau, kiongozi wa kina mama, mwenye duka hapo mtaani. Aliyekuwa kijana kuliko wote kati yao alikuwa na wajukuu.

“Uliokoka lini?” Mchungaji alianza.

“Huwa naokoka mara kwa mara, Mchungaji.”

Katibu aliandika, akakata, akaandika tena.

“Masomo?”

“Kidato cha pili, muhula wa pili, Jumatano.”

“Jumatano?”

“Alhamisi sikurudi.”

Mama Kamau alikohoa ndani ya leso, kikohozi chenye meno. Mwenyekiti hakukohoa. Alisema sasa tutaingia kwenye sehemu ya vitendo: kila mwombaji awaongoze vijana dakika kumi, kamati ikitazama. Katibu akatoka kuwaita vijana. Alirudi peke yake. Wengine walikuwa wanapukuchua mahindi, wengine walikuwa kwenye bodaboda, na wawili walikuwa wamesema wanakuja, jambo ambalo Kenya humaanisha kwaheri.

Kamati nyingine ingejiuliza kwa nini. Hii ilikuwa na suluhisho.

“Hakuna shida,” alisema Mwenyekiti. “Leo vijana ni sisi.”

Nilishuhudia kwa macho yangu. Mwenyekiti alipindua kofia yake nyuma mbele. Katibu alianza kutafuna kitu ambacho hakikuwamo mdomoni. Mchungaji alijilaza kwenye kiti, akatoa simu, akasema, “Niaje, masee!” kisha akatutazama kuona kama amepatia. Mama Kamau alikunja mikono tu.

Ndugu Gideon alitangulia. Aliwaambia vijana wasimame, wakasimama. Aliwaambia watii wazazi na wazee, na wazee wakaitikia amina kwa sauti ambayo kijana hajawahi kuitoa tangu dunia iumbwe. Aliketi akiwa ameshaajiriwa nusu.

Zamu yangu, sikuwa na somo. Nilichokuwa nacho ni kazi ya Molo. Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, msimamizi wetu hutazama kundi na kuuliza swali moja, kwa sababu mzigo wa asiyekuwapo utabebwa na waliopo. Nikauliza hilo.

“Kabla hatujaanza, nani hayuko leo?”

Katibu aliacha kutafuna. Kisha Mama Kamau akanyoosha mkono.

“Mimi siko.”

“Wewe nani?”

“Mimi Kamau. Fundi wa stima. Sijakanyaga hapa tangu Pasaka ile nyingine. Nilionekana nikitoka baa saa sita mchana, nimebeba waya. Nilienda kuwatengenezea taa. Kamati ikasema hata kama, nimeaibisha kanisa. Wakanikalisha kiti cha nyuma Jumapili sita, bila kuimba, bila meza ya Bwana, watoto wakigeuka kuniangalia. Jumapili ya tatu nikaondoka. Simu ya nyumbani sishiki.” Alinitazama moja kwa moja. “Sasa wewe mwalimu, niambie. Nirudi?”

Mwenyekiti alirudisha kofia yake mbele. Ujana ulikuwa umemwisha.

“Jibu ni rahisi,” alisema polepole, kama mtu anayempa mwanafunzi majibu ya mtihani. “Kijana arudi, atubu, amalize Jumapili zake tatu. Au sivyo, ndugu?”

Nilielewa vizuri. Upande mmoja palikuwa na neno “ndiyo,” na nyuma ya neno hilo palikuwa na chumba chenye kitanda. Ningependa kuwaambia kwamba sikukifikiria hicho kitanda. Nilikifikiria hadi shuka.

“Kamau,” nikasema, “mimi nisingerudi. Ulitengeneza taa. Hizo Jumapili tatu zilizobaki azimalize aliyekukalisha. Lakini mama yako mpigie. Yeye hakuwa kwenye kamati.”

“Alikuwa,” alisema Mama Kamau. Sauti ilikuwa yake sasa, si ya mtoto. “Walipopiga kura, alinyoosha mkono kama wengine.”

Kidato cha pili hatukufundishwa jibu la hilo.

“Basi mama akwambie hivyo hivyo, alivyotuambia sisi,” nikasema. “Asipopokelewa simu, aandike. Na wewe ukishasoma, Kamau, usimkalishe mama yako kiti cha nyuma. Umekaa hapo. Unajua palivyo.”

Nilisema hivyo kwa ufasaha mkubwa, simu yangu ikiwa imezimwa mfukoni kwa miezi minne.

Saa kumi na moja tulitangaziwa kwamba Roho ameongoza kamati kumchagua Ndugu Gideon. Inaonekana Roho naye alikuwa ameomba kuona vyeti. Gideon alinishika mkono kwa unyenyekevu ambao sasa ulikuwa na mshahara, akaenda kuoneshwa chumba changu.

Langoni nilimkuta Mama Kamau amesimama na mkoba.

“Unalala wapi, Wanjala?”

“Mungu anajua, Mama.”

“Nimemuuliza. Amesema hajui. Twende.”

Jua likiwa bado juu ya mahindi yaliyoanikwa, tulifika kwake. Nyuma ya duka kuna chumba kidogo: kitanda, waya zilizokunjwa ukutani, bisibisi zilizopangwa kwa urefu, na jozi ya viatu chini ya kitanda.

“Hivyo viatu usivisogeze,” alisema. “Akirudi, wewe unatoka siku hiyo hiyo. Sitaki kusikia habari ya begi.”

“Na asiporudi?”

“Nimemwandikia sasa hivi, hapo njiani, ulipokuwa unaangalia ng'ombe wa watu.” Alifuta mikono kwenye leso ingawa haikuwa na maji. “Na mama yako? Anajua uko wapi?”

“Simu haina chaji, Mama.”

Alinionesha tundu la stima ukutani, alilofunga Kamau mwenyewe, limenyooka kuliko ukuta. Kisha akaleta waya wa chaji kutoka dukani na kusimama. Sikuwa na pa kukimbilia. Nilichomeka. Kioo kikawaka, na pale pakatokea betri ya kijani, imejaa mpaka juu.

Mama Kamau aliitazama. Akanitazama.

“Imejaa,” alisema, akarudi dukani kuuza sukari, akiacha mlango wazi.

Nimezunguka nchi hii miaka sita nikitaka kujua watu wanaishije, na nilichojifunza Kiplombe ni kwamba nilikuwa mwanakamati siku zote, na niliyemkalisha kiti cha nyuma ni mama yangu. Niliweka viatu vyangu kando ya vile vya Kamau, bila kuvigusa. Nikawasha simu, nikapiga Webuye. Iliita mara mbili.

“Mama, ni Wanjala. Niko Eldoret. Nimekosa kazi.”

“Kazi gani?”

“Ya kulea vijana kanisani.”

Alicheka mpaka nikasikia akiweka sufuria chini.