Mwamerika Aliyesimamisha Majembe ya Kambi

Wenzangu mliokulia kota za magereza pale Mbale, nani kati yenu amesahau sebule ya Sajenti? Televisheni ilikuwa moja tu, yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Jioni mama zetu walikuja na vigoda, wengine bado wananukia moshi na malewa, yale machipukizi ya mianzi, sisi watoto tukakaa kwenye saruji. Mwacholi, Mteso, Mgisu, wote Kiswahili cha kambi. Tamthilia ilikuwa ya Kiingereza, nacho hawakuwa nacho. Basi mimi niliyekuwa napata maksi nzuri darasani nikawekwa kando ya kioo nitafsiri. Niliongea sauti ya kila mtu: mume mwongo, daktari, mama mkwe. Ila niliyempenda ni yule Mwamerika mwenye nywele kama ndevu za mahindi. Mama zetu wakamwita Mahindi. Alinyang'anywa mume, akanyang'anywa mtoto, akapofuka, macho yakarudi. Akilia, mimi nalia kwa Kiswahili, na sebule nzima inafuta machozi kwa lesu.

Ijumaa moja Mahindi akafa kwa ajali ya gari. Mazishi tungeyaona Jumatatu.

Kesho yake hakuna mwanamke aliyekwenda shamba. Kwetu jirani akifa, jembe halishikwi mpaka azikwe, na Mahindi alikuwa hajazikwa. Baba, askari magereza aliyependa amri, akasimama mlangoni.

"Nyinyi wanawake mna wazimu? Palizi inangoja!"

"Afande, kuna msiba," mama akamjibu. "Wewe ukifa, utataka watu walime?"

Baba akavaa kofia yake, akaenda zamu. Magugu yakafurahi.

Miezi ikapita, ikaja tamthilia nyingine. Akaingia hakimu mwenye nywele fupi, na uso ni ule ule wa Mahindi.

"Huyu si tulimzika?" mke wa Sajenti akafoka. "Anirudishie maharage yangu yaliyomezwa na magugu!"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe kwake kufa ni kazi tu. Amekufa kule, amekuja kuomba kazi huku." Baadaye tulimwona akiwa nesi, kisha mama mkwe mkali, kisha bibi mwenye mvi. Kila walipommaliza, alirudi na jina lingine.

Naandika haya nina hasira. Mwaka huu niliondoka kwa mume wangu, mtaa wa Wanyange kule Jinja, na watoto wangu wawili, maana ngumi si chakula. Wifi akanifuata kwa simu: "Wewe umekwisha. Nani atakuchukua na watoto?" Nimekwisha! Hata thelathini sijafika. Nikapanga chumba Namakwekwe, hapa Mbale, nikasikia redio moja ya hapa inatafuta sauti za mchezo wa Kiswahili, nikaenda. Vijana kwenye foleni walinitazama kama shangazi aliyepotea njia ya kliniki. Hawa ndio wanaangalia tamthilia peke yao kwenye simu, tena wanaruka sehemu za huzuni. Mtu atajifunzia wapi kulia? Zamu yangu ilipofika nililia kile kilio cha Mahindi, na fundi mitambo akasahau kuzima mashine.

Wamenichukua. Nimepewa nafasi ya mwanamke anayekufa mapema. Wifi aliposikia akacheka: "Hata redioni umekwisha." Wacha nife. Njia ya kurudi naijua.

Kitu kimoja tu kinaniuma. Zamani mtu wa ng'ambo alisimamisha majembe ya kambi nzima. Leo jirani yako atafia redioni na wewe utabadilisha stesheni ukatafute muziki. Nilimwambia hivyo mama, ambaye siku hizi analima kule Wanale, chini ya mlima. Hakunipa pole. Aliuliza:

"Unazikwa lini?"

"Bado hawajasema, mama."

"Wakisema, nipigie. Jembe langu halitatoka ndani mpaka uzikwe. Halafu nitakaa hapa na redio, ningoje utarudi na jina gani."