Mzee Anayekagua Katuni ya Mbwa

Jumamosi nilikuwa Kitengela, katika kibanda cha kunakili filamu, mzee mmoja aliyejifunga shuka akaingia. Alifungua fundo la leso polepole, akatoa flashi.

"Niwekee ile ya mbwa wanaongea," akamwambia msichana wa duka. "Lakini ni ya watoto kweli? Hakuna mbwa anakufa?"

"Hakuna, mzee. Yule mdogo anapotea tu, halafu anarudi nyumbani."

"Anapata watu huko nyumbani?"

"Wote wanamngoja kwa mlango."

Mzee akanigeukia, ingawa sikuwa nimeuliza kitu. Wajukuu wake wako Nairobi, akasema, na wakija lazima awe ameiangalia kwanza. "Hata ndama siwezi kupeleka malisho kabla niende nione nyasi mwenyewe."

Msichana alichomeka flashi kwenye kompyuta, akasita. "Mzee, hii muvi uko nayo tayari. Nilikuwekea Aprili, na uliniuliza maswali haya haya."

"Najua. Weka tena. Pengine kuna mahali sikuona vizuri."

"Wanakuja lini?" nikamuuliza.

"Walisema likizo," akajibu, akaanza kukunja leso. Likizo gani, hakusema.

Msichana hakubishana. Alimvutia kiti, akaigeuza skrini upande wake, akamwekea pale mbwa anaporudi.

Kwa kuwa naandika safu ya filamu gazetini, wazazi wengi huniandikia wakiuliza katuni ipi inafaa watoto. Hiyo ya mbwa inafaa. Imekaguliwa tangu Aprili. Waliokosekana ni watoto.