Mikono ya Mulombwa

Kanisa letu la Kilutheri pale Kolwezi, mji wa migodi, lilikuwa la matofali ya kuchoma na bati, bila mnara. Kazi yangu ilikuwa kufua na kubadilisha vitambaa vya madhabahu, zambarau, nyeupe, kijani, mwaka nenda mwaka rudi. Waprotestanti wenzetu walitucheka kwamba sisi ni Wakatoliki waliosahau rozari nyumbani, maana tulitaka Yesu mwenye mwili msalabani, si mbao mbili tupu.

Aliyekuwa akituchongea Yesu huyo alikuwa jirani yangu. Kazini kwake mgodini alitengeneza vielelezo vya mbao ambavyo wenzake walivitumia kufanyia kalibu za kumiminia vyuma vya mashine. Basi na Yesu wetu akamchonga kama mashine, vipande vipande, kwa mti mgumu wa mulombwa. Mwili ulikuwa tayari kanisani. Mikono alibaki nayo kwake, akisema ataiunganisha kabla ya Ijumaa Kuu. Nilichoka kumwuliza lini.

Kisha vijana wakaanza kuimba barabarani kwamba watu wa asili ya Kasai ni bilulu, wadudu, warudi kwao. Wazazi wa jirani yangu walitoka Kasai, lakini yeye alizaliwa Kolwezi. Kwao wapi? Swali hilo linanikasirisha mpaka leo, ingawa hata hasira nayo inachosha. Walimtoa nyumbani pamoja na mkewe na binti yao mdogo, nao watatu wakaenda kulala stesheni na umati wa wenzao, kungojea treni isiyokuja.

Ijumaa Kuu ilipokaribia, wazee wa kanisa wakanituma mimi nikachukue mikono. Eti mwanamke hatapigwa na vijana wale. Nilibeba unga kidogo, nikamkuta chini ya turubai, mbele ya moto uliokuwa ukizimika. Binti alilala kando, ameisha kwa kuhara.

"Tata, bazee banauliza mikono."

Hakunitazama. Alichokora majivu kwa kijiti.

"Mama, mutoto alikuwa anakunywa mayi ya mufereji. Kuni hakuna. Mi nilichemusha mayi na ile mikono." Akakitupa kijiti motoni. "Ilikuwa inaisha kuchongwa. Ilibakia tu kuchonga makucha."

Nililia, kisha nikapika uji juu ya makaa yaleyale, na mtoto akanywa wote. Siku chache baadaye treni ilikuja hatimaye, ikawachukua kwenda Kasai, na sijasikia habari zao tena.

Wazee walifoka. Wakataka fundi mwingine achonge mikono mingine. Nikawaambia nimechoka, Yesu atundikwe alivyo, bila mikono, na asiyetaka aende stesheni akaulize mwenyewe. Hakuna aliyekwenda.

Ijumaa Kuu madhabahu yetu hayavikwi kitambaa, kwa hiyo nilikaa tu nikitazama. Walimfunga Yesu msalabani kwa waya wa shaba kifuani. Mchungaji akapigilia msumari wa miguu, kisha akasimama na misumari miwili ya mikono, akitafuta pa kuipigilia.