Ngoma ya Pacha Aliyeondoka

Kwetu Lubunga, miaka ile ya hamsini, mama wa mapacha hakuruhusiwa kulia. Mmoja akifa, haikusemwa amekufa. Ilisemwa amekwenda kutafuta kuni. Ngoma ilipigwa na mama akacheza kwa furaha, ili yule aliyebaki asimfuate mwenzake.

Wangu walikuwa wasichana wa miezi minne. Mmoja aliondoka asubuhi, kwa homa. Mama mkwe, tuliyekaa naye nyumba moja, alimfunika, akanipaka udongo mweupe usoni.

"Usilie, mwana yangu. Ukilia, huyu ingine atafuata mwenzake. Bon, simama, ucheze."

Nikasimama. Ngoma mbili za mapacha ziliwekwa uani, na desturi ilitaka baba yao ndiye apige. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, alizoea nyundo kuliko ngoma. Kila mara alipoteza mdundo, na mama yake akamrudisha kwa makofi. Wanawake wakaimba nyimbo za mapacha, zile za matusi matupu za kumcheka baba mtu na maungo yake. Siku nyingine ningecheka hadi mbavu ziume. Siku ile niliitikia tu. Maneno yote nilikuwa nayajua.

Sikusikia uchungu. Watu wakiniambia nilikuwa jasiri, nakasirika. Ujasiri gani? Nilikuwa gogo. Nilisikia miguu ikikanyaga, nikajua ni yangu. Ziwa la kushoto, alilozoea yule aliyeondoka, lilijaa likalowesha kitenge. Mtu akanifunga kingine juu yake, tukaendelea.

Pacha wa pili alikuwa mgongoni kwa wifi yangu, amelala. Kila nilipozunguka nilisogea nimtazame kama anapumua. Wifi alichoka na mimi, akanisukuma nirudi katikati.

Mtoto huyo alipona. Alikua, akaolewa. Mwenyewe alipojifungua, nilikwenda kumkanda kwa maji ya moto, na akiwa na mtoto mapajani aliniuliza:

"Mama, dada yangu alikuwa na sura ya namna gani?"

Nilitafuta kichwani, nikatafuta tena. Sikupata hata nyusi.

"Sijue," nikamwambia. "Walimupitisha mbele yangu kwenda kumuzika, uso wazi, kusudi nimuage. Mimi nilikuwa naangalia wewe."